Mistari niliyokuwa nikiwatumia wengine sasa inaniumiza

Mpendwa Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto wawili, na kwa muda mrefu nimekuwa kiongozi wa maombi katika umoja wa akina mama kanisani kwetu. Kila alfajiri, kabla watoto hawajaamka, huwa nawatumia wenzangu kwenye simu mstari mmoja wa Biblia na maneno machache ya kuwatia moyo. Wengi hujibu "Amina", na wengine hunieleza kwamba neno la siku hiyo limewakuta palepale walipokuwa wanahitaji.

Mwaka jana mama yangu mzazi aliugua. Nilifunga, nilikesha, niliwashirikisha wenzangu, na wazee wa kanisa walikuja kumwombea na kumpaka mafuta. Nilikuwa na hakika moyoni kwamba atapona, hata nikawa nikimwambia hivyo akiwa kitandani. Hakupona. Tulimzika, na tangu siku hiyo siwezi kuomba. Nikipiga magoti kando ya kitanda maneno hayaji. Nabaki nimelaza kichwa kwenye godoro mpaka miguu inakufa ganzi, kisha nainuka.

Msibani watu waliniambia kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Niliandikiwa Yeremia 29:11 na Wafilipi 4:13 tena na tena, mistari ambayo mimi mwenyewe nimewatumia wafiwa wengine, na kila nilipoisoma nilihisi hasira ambayo naona haya kuitaja. Wifi yangu aliniambia, tena kwa sauti ya upole, kwamba huenda moyoni mwangu palikuwa na mashaka, maana Yakobo anasema kuomba kwa imani kutamwokoa mgonjwa. Maneno hayo ndiyo yanayoniamsha usiku.

Linalonitesa zaidi ni kwamba bado natuma mistari kila alfajiri. Nachukua ile ya zamani, naituma tena, na watu wanasema "Amina", wakati mimi niliyeituma sina hata neno moja la kumwambia Mungu. Najiona mnafiki. Juzi binti yangu mwenye umri wa miaka minane aliniuliza, "Mama, tulimwomba Mungu amponye bibi, mbona hakumponya?" Nikamwambia akalale.

Je, nimepoteza imani? Niache uongozi? Na huyu mtoto nimjibu nini?

Mama Asiyeweza Kuomba

*

Mpendwa dada katika Kristo,

Pole sana kwa kuondokewa na mama. Umeuliza maswali matatu, nami nitayafikia yote, lakini nitaanza na maneno ya wifi yako, kwa sababu ndiyo yanayokunyima usingizi.

Andiko alilokutajia ni Yakobo 5:14-15. Lisome tena polepole, ukiangalia nani ameagizwa kufanya nini. Mgonjwa ameagizwa jambo moja tu, yaani awaite wazee wa kanisa; wazee ndio walioagizwa kuomba na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana, na kuomba huko kwa wazee ndiko kunakoitwa kuomba kwa imani. Katika aya hizo hakuna mahali ambapo binti wa mgonjwa anapimwa moyo ili ionekane kama mashaka yake yamemzuia Mungu kutenda. Sisemi hivi ili nihamishie lawama kwa wazee wenu, ambao walikuja kwa upendo na kufanya walichoagizwa. Nasema hivi ili uone kwamba Yakobo aliwaandikia watu wenye mgonjwa nyumbani, akawaambia la kufanya. Hakuwaandikia waliotoka makaburini wakitafuta wa kulaumiwa.

Kisha mtazame Paulo. Huyu ni mtu ambaye Mungu aliwaponya wagonjwa kwa mikono yake, akiwamo baba yake Publio kule Malta, katika Matendo 28:8. Hata hivyo, katika 2 Timotheo 4:20 anaandika bila maelezo yoyote kwamba Trofimo, mwenzake wa safari, alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Timotheo mwenyewe, mwanawe katika imani, anashauriwa katika waraka wa kwanza atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Paulo hamkemei Trofimo kwa imani haba, wala hajilaumu yeye. Alipoomba kwa ajili ya mwili wake, alimsihi Bwana mara tatu ule mwiba, yaani udhaifu uliomtesa mwilini, umtoke, na jibu alilopata ni "Neema yangu yakutosha". Naye Bwana wetu, katika bustani ya Gethsemane, aliomba mara tatu kikombe kimwepuke, kisha akakinywa. Mtu anayeshikilia kwamba ombi lisilotimizwa ni ushahidi wa imani pungufu atawezaje kuueleza usiku ule?

Umetaja pia, kama kwa kupita, kwamba ulikuwa ukimwambia mama kwamba atapona. Nadhani hapo nawe unajishitaki, pengine ukihisi ulimdanganya mtu aliyekuwa anaondoka. Hukumdanganya, dada yangu. Ulimwambia kile ulichokitumaini kwa moyo wako wote, na mama aliyekulea aliijua sauti yako vya kutosha kutambua upendo uliokuwa ndani yake.

Sasa niseme juu ya ile mistari uliyoandikiwa, kwa maana naamini hasira yako haikuanzia mahali pabaya. Mithali 25:20 inamfananisha amwimbiaye nyimbo mtu mwenye huzuni na mtu avuaye nguo wakati wa baridi. Biblia yenyewe, basi, inatambua kwamba neno zuri likitolewa wakati usio wake huweza kumuumiza anayelipokea. Tena mistari hiyo, kwa jinsi ilivyozoeleka kutumwa, hufika ikiwa imekatwa kutoka kwa watu walioipokea kwanza, nao walikuwa watu wenye msiba kama wewe.

Yeremia 29 ni barua. Nabii aliituma kutoka Yerusalemu kwenda Babeli, kwa wazee, makuhani, manabii na watu wote ambao Nebukadneza alikuwa amewachukua mateka pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 kabla ya Kristo. Watu hao walikuwa wamepoteza nyumba, hekalu, makaburi ya wazazi wao na kila kitu kilichowafanya waseme kwamba Mungu yu pamoja nao. Katika sura inayotangulia, nabii aitwaye Hanania alikuwa amewatangazia Waisraeli kwamba katika muda wa miaka miwili mambo yote yangerudi kama zamani. Bila shaka ulikuwa ujumbe wa kutia moyo, na kama simu zingekuwapo siku zile, naamini ungesambazwa kuliko barua ya Yeremia. Yeremia alimwambia Hanania wazi kwamba Bwana hakumtuma, na kwamba anawatumainisha watu maneno ya uongo. Katika barua yake aliwaambia mateka wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani, waoe na kuzaa, kwa kuwa Bwana angewarudisha baada ya miaka 70. Hayo yako aya ya 5, ya 6 na ya 10. Baada ya hayo ndipo inakuja aya ya 11: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho."

Hebu fikiria mwanamke wa umri wako akiisikia barua hiyo ikisomwa huko Babeli. Alijua kuhesabu. Alifahamu kwamba hatarudi, na kwamba atakayeuona Yerusalemu ni mjukuu wake, labda. Ahadi ile haikumwambia kwamba alichokiomba kitatendeka, wala haikumkataza kulia. Ilimwambia kwamba Mungu aliyeruhusu siku zile ngumu alikuwa angali anamwaza, naye ajenge nyumba akiwa na machozi hayohayo. Ukiisoma hivyo, Yeremia 29:11 inakuwa neno la mtu ambaye ombi lake halikujibiwa kama alivyotaka, nawe una haki ya kulishika kuliko wengi wanaolituma.

Juu ya Wafilipi 4:13 sina maneno mengi. Paulo aliandika akiwa kifungoni, na aya mbili zilizotangulia zinaonyesha kwamba "mambo yote" anayoyaweza ni kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Nguvu anayoitaja ni ya kustahimili.

Lile neno kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba halimo katika Biblia. Watu hulitoa katika 1 Wakorintho 10:13, ambako Paulo anazungumzia majaribu ya kuanguka dhambini, hasa ibada ya sanamu, na kuahidi kwamba Mungu ataweka mlango wa kutokea. Kuhusu mateso, Paulo huyohuyo anawaandikia Wakorintho haohao, katika waraka wa pili, 1:8, kwamba katika Asia "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi". Kuliko nguvu zetu! Mtume anakiri kwamba mzigo ulimshinda, na katika aya ifuatayo anasema ndipo alipojifunza kutojitumainia nafsi yake, bali kumtumaini Mungu awafufuaye wafu. Kwa hiyo ukihisi kwamba mzigo huu umekuzidi, huna haja ya kujilazimisha kukanusha ili uonekane mwamini.

Umeuliza kama umepoteza imani. Aliyepoteza imani hapigi magoti mpaka miguu ife ganzi. Unakwenda mahali pa maombi, unakaa mbele za Mungu, na unaumia kwa kuwa huna la kumwambia. Hilo ni jambo ambalo Maandiko yanalifahamu vizuri sana. Katika Warumi 8:26 imeandikwa kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Hana, katika 1 Samweli 1, aliomba midomo ikicheza bila sauti kusikika, na kuhani Eli akamdhania kuwa amelewa. Kiongozi wa dini alimsoma vibaya, lakini Mungu alimwelewa.

Hata hivyo nahisi kwamba hukosi maneno. Maneno unayo, ila unayaogopa, kwa kuwa ni ya hasira na malalamiko, na umezoea kwamba kiongozi wa maombi huomba kwa shukrani. Fungua Zaburi ya 13. Ni fupi, aya sita tu, na inaanza hivi: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Zaburi za kilio kama hiyo ni nyingi katika kile kitabu cha zaburi 150, na watu wa Mungu waliziimba pamoja, mbele ya watu wote, bila kuombana radhi. Ya 88 inakwenda mbali zaidi. Mwenye kuiomba analia mchana na usiku, anamuuliza Bwana kwa nini anaitupa nafsi yake, na zaburi inaisha gizani bila aya ya faraja mwishoni. Waliokusanya Maandiko hawakuiondoa, wala hawakuongeza mstari wa kuitengeneza. Jaribu kufanya hivi kwa siku kadhaa: usitafute maneno yako mwenyewe, soma Zaburi ya 13 kwa sauti, na ukifika mahali ambapo huwezi kuendelea kwa ukweli, simama hapo. Kama ni aya ya pili, basi ni aya ya pili. Aya za mwisho, zile za kumwimbia Bwana, zinaweza kungoja. Atakayekulazimisha uzifikie leo hajui zilivyopatikana. Na ukitaka sala fupi kuliko hiyo, chukua ya yule baba katika Marko 9:24, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", ambaye mtoto wake aliponywa huku akiwa amekiri upungufu wake hadharani.

Kuna jambo la mwili ambalo sitaki kulipita. Umesema unaamshwa usiku, na hukusema kama unakula. Nabii Eliya, baada ya ushindi mkubwa wa mlima Karmeli, alikimbia jangwani, akaketi chini ya mretemu na kumwambia Mungu yatosha, aiondoe roho yake. Mungu hakumhubiria. Alimwacha alale, malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili ale, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa kwake. Mazungumzo yalikuja baadaye sana, kule mlima Horebu. Ikiwa usingizi umekukimbia kwa wiki nyingi, au chakula hakipiti, au ukijikuta unatamani kumfuata mama, mwone daktari, na umwambie mumeo au mtu wako wa karibu leo hii bila kungoja. Kufanya hivyo hakupunguzi imani hata kidogo.

Nije kwenye mistari ya alfajiri. Kutuma neno ambalo kwa sasa huna nguvu ya kulihisi si unafiki, kwa kuwa Neno ni la Mungu, wala ukweli wake hautegemei hali ya moyo wa aliyelituma. Unafiki ungekuwa kuwafanya wenzako waamini kwamba una nguvu usizo nazo, na naona hicho ndicho kinachokuelemea. Ushauri wangu ni kwamba usijiuzulu kwa sasa, maana uamuzi mkubwa haufai kufanywa katikati ya msiba, lakini zamu ya alfajiri mkabidhi mwenzako kwa miezi michache. Waandikie kwa maneno machache na ya kweli: "Wapendwa, tangu mama aondoke naona shida kuomba. Naomba fulani anishikie zamu ya kutuma Neno, nanyi mniombee." Kumbuka yule mwenye kupooza katika Marko 2, aliyechukuliwa na watu wanne mpaka wakatoboa dari. Imeandikwa kwamba Yesu aliiona imani yao, na yeye aliyelala kitandani hakusema neno. Umewabeba wenzako kwa muda mrefu, na nina hakika wapo kati yao wanaotamani kukubeba ila hawajui kwamba umelala chini. Mwambie mchungaji wako pia, ana kwa ana, pamoja na ile hasira.

Siku utakaporudi kwenye zamu, nadhani utaandika tofauti. Utamuuliza mfiwa habari zake kabla ya kumtumia aya, na pengine utakwenda kukaa naye kimya, kama walivyofanya rafiki zake Ayubu kwa siku saba mchana na usiku, wakati ambao ndio pekee waliomsaidia.

Wifi yako usimnunie. Yawezekana kabisa aliogopa. Mtu anayeamini kwamba kifo huja kwa upungufu wa imani anajipa matumaini kwamba yeye, akiamini vizuri, hatafikwa na msiba. Mwambie siku mkiwa wawili, "Wifi, yale maneno yaliniumiza, na nimesoma Yakobo tena sioni kwamba yanasema hivyo", kisha umsomee habari za Trofimo. Akikubali, mshukuru Mungu. Akikataa, umeshasema, na huna deni.

Amebaki mtoto. Swali lake ni jema, tena amelileta kwako, jambo linaloonyesha kwamba bado anaona nyumba yenu ni mahali pa kuuliza habari za Mungu. Usimwambie kwamba Mungu alimchukua bibi kwa kuwa alimpenda sana. Mtoto wa miaka minane anaweza kulala akiogopa kupendwa namna hiyo. Usimwambie pia kwamba hatukuomba vya kutosha. Keti naye mchana, wakati hana usingizi, umwambie ukweli: kwamba mama hajui kwa nini bibi hakupona, kwamba mama naye amemuuliza Mungu swali hilohilo, na kwamba kumuuliza Mungu si kukosa adabu. Kisha mfungulie Yohana 11. Martha, aliyefiwa na ndugu yake Lazaro, anamwambia Yesu, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa", na baadaye Mariamu anakuja na maneno hayohayo. Yesu hamkemei yeyote kati yao. Anamwambia Martha kwamba yeye ndiye ufufuo na uzima, na kwamba amwaminiye, ajapokufa, atakuwa anaishi. Kisha, kabla hajafika kaburini, naye analia, ingawa alijua angemfufua Lazaro muda mfupi baadaye. Mwambie binti yako kwamba Lazaro alifufuka siku ile, na kwamba bibi tunamngojea siku ya mwisho, kama Martha alivyoamini, na kungoja huko kunaumiza ndiyo maana mama analia.

Baada ya hapo mwulize kama angependa kumwambia Mungu lolote kuhusu bibi. Akitaka kuomba, mwache aombe kwa maneno yake, hata yakiwa ya kulalamika, nawe ukishindwa kuongeza chochote, sema "Amina" tu.

Ni mimi mshauri wako, ninayekuombea.